Kilemba Juu ya Jiwe

Mfuko wa polisi ulikuwa wa karatasi ya kaki, umefungwa kwa utepe, na tangu uletwe ulikuwa umekaa juu ya friji bila mtu kuthubutu kuugusa. Aida Hillow alipoushusha na kuuweka mezani, Jaswinder alimpa mgongo, akajishughulisha na birika ambalo lilikuwa limekwisha kuchemka.

Ndani mlikuwa na vitu vya mwisho vya baba yake Jaswinder. Jaspal Singh alizaliwa Nyeri, akaletwa Birmingham na riziki, akaunga milango ya magari kiwandani, mtaa wa Longbridge, mpaka kiwanda chenyewe kikafungwa. Mwisho wa maisha yake alibaki na mapenzi mawili: bintiye huyu mmoja, na samaki aitwaye trauti. Alijifunza kumvua utotoni, katika vijito baridi vya Mlima Kenya, na alipogundua mto wa milimani huko Wales uliokuwa ukivuma vilevile, basi kila majira ya kuchipua, msimu ukifunguliwa tu, alikuwa huko na fimbo yake na kisanduku chake cha nzi wa manyoya, yaani chambo cha bandia. Mwezi wa tatu mwaka huu alikwenda, hakurudi. Mchunga kondoo aliukuta mwili wake asubuhi ya pili, umenaswa kwenye mizizi ya mti, suruali yake ya mpira imejaa maji.

Polisi wa Wales hawakuzunguka mbuyu. Waliandika kwamba mzee alifiwa na mke mwaka jana. Kwamba alikuwa peke yake. Kwamba fimbo yake ilikutwa imeegemezwa mtini, chakula chake hakikuguswa, na kilemba chake kilikutwa juu ya jiwe, kimekunjwa vizuri, kama mtu anayevua vitu vyake kabla ya kwenda zake. Jumatatu hakimu wa vifo angekaa kusikiliza chanzo cha kifo hicho, na kila mtu alijua angetamka nini. Pale gurdwara, hekalu la Masingasinga, walikuwa wameanza kunyamaza Jaswinder akipita.

"Daddy hangekufa kichwa wazi," Jaswinder alisema, bado akilitazama birika. "Hata angetaka kufa, si hivyo. Wewe ni Mwislamu, Aida, labda hujui. But I know. Hangevua kilemba."

Aida alifungua utepe wa mfuko. Alikuwa sajini wa polisi wa mji huu kwa miaka mingi kabla ya kufungua ofisi yake mwenyewe ya upelelezi Stratford Road, na alikuwa amewasikia watoto wengi wakiapa kwamba wazazi wao wasingefanya walichokifanya. Mapenzi si ushahidi. Alivaa glavu, akatoa simu, akapiga picha kila kitu kabla ya kukigusa.

Kilemba kilikuwa cha pamba nyepesi, buluu. Polisi walikuwa wamekiokota na kukitia mfukoni bila kukikunjua, na hilo, kwa uvivu wao, lilikuwa jambo la heri. Kilikunjwa kwenda na kurudi, kila mkunjo sawa na mwenzake, na ncha ya mwisho ikachomekwa ndani ili isitoke.

"Ndivyo alivyokikunja siku zote?"

Jaswinder aligeuka. Alikitazama kwa muda, na uso wake ukabadilika. "Hapana. Daddy alikikunja kwa urefu kwanza. Mimi nashika ncha ile, yeye hii, tunavuta mpaka kinyooke, halafu natembea kumfuata. Tangu niko mdogo. Nisipokuwepo alifunga ncha kwa kitasa cha mlango." Akasogea karibu. "Hii sijui ni ya nani."

Aida alikikunjua polepole mpaka kikavuka meza, kikavuka kiti, kikafika mlangoni. Harufu ya uvundo ilipanda. Hapo akaona alichokuwa akikitafuta bila kujua: nusu moja ya kitambaa ilikuwa imeota ukungu na kuingia chembe za kijani za mtoni, na nusu ya pili ilikuwa safi. Kwenye ncha ya upande mchafu nyuzi zilivutika, pakabaki mikunyanzi ya duara, kama palipozungushwa mkononi.

"Dada, keti," alisema.

Jaswinder aliketi.

"Mtu anayejivua kilemba ili afe anakiacha kikavu. Mvua haikunyesha siku ile, nimeangalia, na kama ingenyesha ingekilowesha chote. Hiki kiliingia majini nusu tu. Ncha moja ilikuwa mkononi mwa mtu aliye ndani ya mto, na ya pili mkononi mwa mtu aliye ukingoni. Kilitumika kuwa kamba."

Jaswinder aliweka mkono mdomoni, hakuutoa. Aida alimwacha. Basi lilipita nje na kutikisa madirisha, ndipo Aida alipovuta picha za polisi za chakula.

Chapati za viazi, kachumbari ya maembe, chupa ya chai imejaa mpaka kwenye kifuniko. Chakula cha watu wawili, lakini Jaswinder alisema hilo halikuwa jambo. Baba yake alikuwa mlaji. Asingevuka mji wa Kidderminster kabla ya kufungua boksi, na kila mwaka alifika mtoni makombo yamejaa ndevuni.

"Na siku hiyo hakula hata moja," Aida alisema. "Kutwa nzima."

"That's what they keep saying. Kwamba hakuwa na hamu ya kuishi."

Aida aliitazama tarehe kwenye picha, akaitazama tena, na akaona aibu. Siku hiyo yeye mwenyewe alikuwa na kiu tangu alfajiri. Alikuwa ameisoma ripoti ile mara nyingi na hakuijali tarehe, kwa sababu marehemu alikuwa Singasinga, na Singasinga hafungi Ramadhani. Alimuuliza Jaswinder baba yake alikuwaje mwezi wa Ramadhani.

Jaswinder karibu acheke. "Wacha. Akija mtu amefunga hapa, kettle haiwashwi. Kule kiwandani alikunywa chai yake chooni, miaka yote, ili jamaa wasimwone. Alisema ukila mbele ya mtu aliyefunga unamla yeye."

 Wote wawili waliitazama ile chupa ya chai iliyojaa.

"Hakuwa peke yake," Aida alisema. "Alikuwa na mtu aliyefunga. Na mtu huyo yu hai."

*

Waislamu waliowahi kuvua na Jaspal walikuwa wawili tu. Wa kwanza alikuwa Mkubwa, Mzanzibari mwenye duka la vitambaa, rafiki yake tangu siku za kwanza. Ndiye aliyebeba jeneza mbele, akalia mpaka wanawe wakamshika mikono. Wa pili alikuwa Suhaib, fundi simu wa Longbridge, aliyefundishwa na Jaspal kufunga nzi wa manyoya, na ambaye, Jaswinder alikumbuka, waligombana naye wakati wa baridi kwa sababu ya samaki aliyeuawa bila haja.

Aida alianzia nyumbani kwa Mkubwa, Balsall Heath, saa ambazo mzee huwa dukani. Bi Mize, mkewe, alimkaribisha kwa heshima zote, akamletea kahawa na kashata, akamwambia yote bila kuombwa. Mume wake hakwenda popote siku ile. Yeye Mize alikuwa amekwenda kufuturu kwa bintiye, na aliporudi alimkuta mzee kajifunika mablanketi, anatetemeka homa, na homa hiyo haikumwacha mpaka walipoletewa habari ya msiba. Kufunga je? Bi Mize alitikisa kichwa. Sukari ilikuwa imempanda na kumshuka ovyo, daktari alimkataza kabisa, na kila siku yeye mwenyewe alimwachia uji jikoni na kukuta sufuria tupu.

Hivyo Mkubwa hakufunga, na aliyekuwa mtoni alifunga. Aida alishukuru, akaaga. Kwenye ukumbi, juu ya viatu, aliona ndoano mbili za mbao ukutani na mstari mrefu ambao rangi yake haikufifia. Bi Mize alisema hapo ilikaa fimbo ya kuvulia, ila mzee alisema amempa mtu.

Kwa hiyo alikwenda Longbridge. Suhaib alikuwa kijana mwenye hasira za kweli, na hasira zake zilikuwa za mtu aliyefiwa kabla ya kupatana. Alikiri ugomvi. Alikiri alifunga. Kisha akamwita meneja wake, na meneja akaonyesha picha za kamera ya duka: Suhaib kaunta siku nzima, na magharibi anagawa tende kwa wateja. Aida alitazama mpaka mwisho, akamrudishia.

"Nilitaka nimwombe radhi siku ya kufungua msimu," Suhaib alisema. "Nikapiga simu. Akaniambia mwaka huu gari limejaa."

"Limejaa? Alisema hivyo?"

"Alicheka. Alisema kiti kile kina mwenyewe tangu zamani."

Basi la kurudi lilikwama Stratford Road kama kawaida, nyuma ya mabasi mengine. Aida alishuka kabla ya kituo chake na kutembea katikati ya maduka ya nyama na ya magauni ya harusi, akifikiri juu ya sufuria tupu. Uji ukimwagwa kwenye sinki, sufuria nayo hubaki tupu.

*

Duka la Mkubwa lilikuwa jembamba na refu, mabunda ya vitambaa yamepangwa mpaka darini, vikoi upande huu, kanga upande ule. Mzee alikuwa nyuma ya meza yake, kofia nyeupe, miwani imeshuka puani. Alikuwa amekonda tangu mazishi. Alimjua Aida kwa sura, akamuuliza hali, akamuuliza watoto, akamuuliza afya, na muda wote huo hakumuuliza amefuata nini.

"Nataka kitambaa, Mzee. Pamba nyepesi, buluu. Urefu wa kilemba."

Mkono wa Mkubwa ulisimama juu ya bunda, kisha ukaendelea. Mezani palikuwa na rula ndefu ya chuma lakini hakuigusa. Alipima kwa mkono wake mwenyewe, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole, kama alivyopima maisha yake yote na kama baba yake alivyopima Darajani kabla yake. Alikata. Kisha akakunja, kwenda na kurudi, kila mkunjo urefu wa mkono, na akauchomeka mkia ndani ili usitoke. Macho yake hayakuangalia kazi hata kidogo.

Aida aliweka simu mezani kando ya kitambaa. Kwenye kioo ilikuwa picha ya polisi: jiwe, ukoka, kilemba.

Mkubwa alivitazama vyote viwili. Alivua miwani.

"Funga mlango, mwanangu," alisema. "Tafadhali."

Aida alifunga na kugeuza kibao. Aliporudi mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono magotini.

"Ulifunga siku ile," Aida alisema.

"Nlifunga."

"Na daktari amekukataza."

"Miaka miwili nakula mchana mbele ya wajukuu zangu waliofunga. Watoto wa skuli ya msingi, Bi Aida. Nliona haya. Nkamwaga uji, nkamngoja Jaspal mwisho wa njia, Mize asijue."

"Jaspal alijua?"

"Ye alijua kila kitu. Kidderminster pale akafungua boksi, akaninyooshea chapati. Nkamwambia nimefunga. Tukabishana mpaka milimani. Kula, Mkubwa, Mungu hana haja na maiti. Nkakataa. Akafunga boksi lake, akasema basi na mimi sili, jua likizama tutakula pamoja."

Alikomea hapo. Mengine yalitoka vipande vipande, na alihitaji kuulizwa kila kipande. Maji yalikuwa ya theluji iliyoyeyuka, mengi, meusi chini ya mawe. Mkubwa aliingia mpaka magotini, akatupa mshipi, na trauti alikuwa akipanda juu kudaka nzi, jioni nzuri, ya kupendeza kabisa. Jaspal alikuwa ukingoni, ameegemeza fimbo yake mtini ili abadilishe chambo. Kisha Mkubwa aliona giza. Sukari ilikuwa imeshuka. Alipopata fahamu maji yalikuwa kooni na mto unamvuta kuelekea mahali penye kina, na fimbo yake imekwenda.

Jaspal hakuwa na kamba. Alivua kilemba, akaenda juu ya jiwe, akakirusha.

"Nlikizungusha mkononi. Akavuta. Mzee wa miaka sabini, akanivuta kama anavuta ng'ombe. Mguu wangu ukapata mwamba, nkajua nimepona. Hapohapo jiwe lake likamteleza." Mkubwa alitazama kiganja chake. "Angeendelea kushika tungekwenda wote, kwa sababu mimi nlikuwa sina nguvu. Akaniangalia. Akaachia, ncha yake ikabaki ukingoni."

Nje mtu alitikisa mlango, akasoma kibao, akaondoka.

Alimfuata kando ya mto akipiga kelele, alisema, mpaka kichakani ambako hakuna njia. Simu yake ilikuwa imekufa maji. Aliporudi alikikuta kile kitambaa kimelala juu ya ukoka, na yeye hakuweza kukiacha chini, kilemba cha mtu, kikanyagwe na kondoo. Alikikunja. Hakukumbuka kukikunja, lakini alikikunja, akakiweka juu ya jiwe. Kisha akatembea mpaka barabarani, mkulima mmoja akampakia mpaka stesheni.

"Ungeweza kumwambia mkulima," Aida alisema. "Ungeweza kumwambia mtu yeyote stesheni."

"Ndio."

"Labda alikuwa hai bado."

"Hilo naliuliza mimi kila alfajiri." Hakulia. Aida angependa alie. "Nlisema nikifika stesheni nitasema. Nikafika, ulimi ukawa mzito. Nkasema nikifika nyumbani. Asubuhi wakampata. Nkasema baada ya mazishi. Halafu polisi wakasema kajiua, na mimi ndo niliyekikunja kilemba. Heshima yangu ndo iliyomtia aibu kaburini."

"Hana kaburi, Mzee. Walimchoma."

"Najua. Nlibeba."

Aida alikuwa na hasira, na hakuona sababu ya kuificha. Alimwambia kwamba hofu yake angeweza kuielewa, siku moja au mbili. Lakini kwa wiki hizi zote kuna mwanamke Sparkhill anayelala akifikiri baba yake alimchoka. Alimwambia hakimu wa vifo atataka kumsikia Jumatatu, kwa kiapo, na polisi watataka kujua kwa nini alinyamaza, na Bi Mize atajua habari ya uji. Hayo yote hayakwepeki. Ila la kwanza si hilo.

Mkubwa alichukua koti.

*

Jaswinder aliwafungulia mlango, akamwona nani yuko nyuma ya Aida, na kabla ya neno lolote alielewa. Walikaa jikoni. Mkubwa alisema yote tena, kwa mpangilio safari hii, macho chini, na Aida alisimama kando ya friji akisikiliza kama kuna lolote lililotofautiana na aliyoyasikia dukani. Halikuwapo.

Alipomaliza, Jaswinder alivuta kiti chake karibu. Hakuuliza kwa nini mzee alikimbia.

"Alisema kitu, Uncle? Daddy. Mwisho."

"Alipokirusha aliniambia, 'Shika, usiachie.' Basi. Baada ya hapo hakusema tena."

Jaswinder aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Baada ya muda aliinuka, akamwambia Mkubwa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba hajui kama ataweza kumsamehe, kwamba asimwombe jambo hilo leo wala Jumatatu. Mkubwa alisema hataomba.

Kilemba kilikuwa bado kimetandazwa toka mezani mpaka karibu na mlango, vile Aida alivyokiacha. Jaswinder aliokota ncha moja, ile safi. Ile yenye mikunyanzi alimnyooshea mzee.

Mkubwa alimtazama Aida, kana kwamba yeye ndiye wa kumpa ruhusa. Kisha akaipokea, na bila kufikiri akaanza kuipima kwa mkono wake.

"Not like that," Jaswinder alisema. "Kwa urefu kwanza. Vuta."

Alivuta. Kitambaa kilinyooka katikati yao, kikavuka jiko zima. Walikiunganisha pindo kwa pindo, wakakivuta tena. Kisha Jaswinder akaanza kutembea kumfuata, polepole, kama alivyomfuata baba yake tangu utotoni, mpaka mikono yao ikakutana. Mkubwa alikuwa ameishika ncha yake kwa nguvu mno, vidole vimekuwa vyeupe.

"Sasa achia, Uncle," Jaswinder alisema. "Ninayo."